Kumulika densi ya kisasa katika ukumbi mtupu wa Kisumu: taa chache, kuta nyeupe

Nyar_Dunga, Kisumu

Hamjambo nyote. Ninatunga densi ya kisasa ya dakika 50 kwa wachezaji saba, na tunatarajia kuionyesha mwezi ujao katika ukumbi mmoja wa jamii hapa Kisumu. Kiini chake ni uvuvi wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, usiku: mashua zinazotoka machweo, karabai zinazoelea juu ya maji zikiwavuta samaki, na nyavu zinazokokotwa hadi alfajiri inapokaribia. Aliyewahi kusimama ufuoni Dunga usiku usio na mbalamwezi anazijua taa hizo, jinsi zinavyojipanga mbali majini kana kwamba kuna mji mwingine huko. Ningependa mtazamaji alione giza lile na nuru ile, wala si jukwaa lililojaa rangi za disko.

Shida yangu ni ukumbi wenyewe. Hauna jukwaa lililoinuliwa, hauna mapazia ya pembeni, na darini hakuna bomba hata moja la kutundikia taa. Kuta zote ni nyeupe. Upana wake ni mita 15, nasi tumejitengea katikati eneo la mita 9 kwa 7 la kuchezea. Vifaa nilivyo navyo ni taa nane za LED aina ya PAR (za mviringo, za jukwaani) zenye nyekundu, kijani, buluu na nyeupe, kila moja ikiwa ya wati 180. Taa nne kuukuu za halojeni za wati 1000. Dima moja, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga, ya chaneli nne. Na meza ndogo ya kuendeshea taa.

Wiki iliyopita tulizisimamisha taa zote mbele, kushoto na kulia kwa watazamaji, tukajaribu nusu ya kwanza. Nilivunjika moyo. Miili ilionekana bapa kama picha zilizobandikwa ukutani, vivuli vikubwa kuliko wachezaji wenyewe vikawa vinarukaruka nyuma yao, na ngozi zao, ambazo mchana zina weusi wa kupendeza, zikageuka rangi ya majivu. Kuna mahali mchezaji mmoja anajikunja taratibu, uti wa mgongo ukishuka pingili baada ya pingili, na hiyo ndiyo sehemu niliyoifanyia kazi kwa muda mrefu kuliko zote. Kutoka kiti changu niliona fulana tu. Fedha za kukodi vifaa kutoka Nairobi sina. Nianzie wapi?

Fundi_Bondeni, Nakuru

Dada, pole kwa jaribio hilo, lakini halikupotea bure, kwa maana limekuonyesha kosa lilipo. Vifaa vyako vinatosha. Kilichokosewa ni mahali ulipoviweka.

Mwanga wa mbele ni mwanga wa tamthilia na wa hotuba, kwa kuwa kazi yake ni kumwezesha mtazamaji kuuona uso na mdomo wa anayesema. Densi haisemi kwa mdomo. Inasema kwa bega, kwa mbavu, kwa goti, na vitu hivi vina umbo la mviringo ambalo jicho hulitambua pale tu upande mmoja unapong'aa na mwingine unapoingia kivulini. Taa inapotoka mahali alipo mtazamaji, kivuli hujificha nyuma ya mwili na umbo lote hufutika. Ndiyo sababu Jean Rosenthal, Mmarekani aliyemulika kazi za mtunzi wa densi ya kisasa Martha Graham kwa miaka mingi, aliufanya mwanga wa pembeni kuwa msingi wa kazi yake katika densi, na hadi leo wabunifu wa taa za densi huanzia hapo.

Ningekushauri hivi. Mwendee fundi wa kuchomelea, umpe kazi ya milingoti minne ya chuma yenye urefu wa mita 2.5 na vitako vipana, kisha ukandamize kila kitako kwa magunia mawili ya mchanga. Weka miwili kila upande, mmoja kiasi cha mita 2 kutoka mstari wa mbele na mwingine kiasi cha mita 5. Funga taa mbili za LED katika kila mlingoti: moja chini kabisa, sentimita 30 kutoka sakafuni, na nyingine kwenye mita 2, ikiinamishwa kidogo. Hapo nane zote zimekwisha. Halojeni mbili ziweke nyuma ya wachezaji, juu iwezekanavyo, zikitazama chini ili zisiwapige watazamaji machoni. Hizo zitachora mstari wa mwanga kwenye mabega na vichwa na kuwatenga wachezaji na ukuta. Mbili zinazobaki ndizo za mbele, na uziwashe kidogo tu, robo au chini ya hapo, kwa ajili ya nyuso.

Milingoti usiisogeze karibu na wachezaji, hata kama mtu atakuambia kwamba karibu ndiko kwenye nguvu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa mita 1 kutoka ukingo wa eneo lako la mita 9, mchezaji wa ukingo huo atapata mwanga mara 100 ya yule wa ukingo wa pili aliye mita 10 kutoka kwenye taa. Ukiisogeza hadi kwenye ukuta wa ukumbi, yaani mita 3, uwiano unakuwa wa 3 kwa 12, na tofauti inashuka hadi mara 16. Taa ya upande wa pili itaziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Bahati yako ni kwamba ukumbi una nafasi hiyo hiyo ya mita 3 kila upande.

Kuhusu taa ya chini nitakueleza zaidi, kwa sababu nadhani ndiyo inayobeba densi yako. Mwanga unaotoka sentimita 30 juu ya sakafu, ukielekezwa mbele moja kwa moja au juu kidogo, hupita juu ya sakafu pasipo kuigusa, ukaushika mwili, kisha ukaenda kutua upande wa pili nje ya eneo la kuchezea. Sakafu inabaki nyeusi huku mwili ukiwaka, na mtazamaji anamwona mchezaji kana kwamba hakukanyaga kitu. Anaelea. Karabai zako za omena nazo ziko chini, usawa wa maji, zikimmulika mvuvi kutoka magotini kwenda juu, kwa hiyo hutahitaji kuigiza ziwa kwa kitambaa cha buluu.

Ngozi kugeuka majivu ni matokeo ya kutengeneza nyeupe kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu. Mchanganyiko huo huonekana mweupe ukutani, ila una mapengo mengi katikati, na kahawia ya ngozi yetu inaangukia kwenye mapengo hayo hayo. Tumia chaneli ya nyeupe yenyewe, uongeze nyekundu kidogo, na kijani ukizime kabisa. Halojeni haina tatizo hilo. Ukiipunguza kwa dima inazidi kuwa ya dhahabu, halafu rangi ya kaa la moto, jambo ambalo taa zako za LED hazitaweza kuliiga. Zitunze hizo nne kuukuu.

Mtambo_Milimani, Kisumu

Nyongeza mbili fupi. Kwanza, kabla ya kununua chochote, tafuta kitambaa cheusi cha pamba, si kile kinachong'aa, na ukitundike kwenye kuta za pembeni nyuma ya milingoti. Wengi hufunika ukuta wa nyuma peke yake. Kwako mwanga wa pembeni utapiga ukuta wa upande wa pili, na ukuta mweupe utaurudisha ndani na kulifukuza giza unalolitafuta. Fedha zikibaki, ndipo ufunike wa nyuma.

Pili, saa ya kuanza. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua hapa Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na kumbi nyingi za jamii zina matundu ya hewa juu ya madirisha ambayo hakuna pazia linaloyafikia. Onyesho la saa kumi alasiri litakunyima usiku. Anza saa moja na nusu.

Mwalimu_wa_Khayega, Kakamega

Binti yangu, nimekuwa nikifundisha ngoma na densi kwa muda mrefu, na si fundi wa taa, lakini nimecheza mbele ya taa za namna hiyo na kuna mambo ambayo aliyekaa nyuma ya meza hayahisi.

Nakubaliana na Fundi kuhusu pembeni. Sikubaliani naye kwamba taa ya chini ndiyo inayobeba densi nzima. Anasema mchezaji anaelea. Ni kweli, na kwa mashua inafaa sana. Hata hivyo wavuvi wako watarudi nchi kavu, sivyo? Huku kwetu, isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, huchezwa kwa mabega na kwa unyayo unaoijibu ngoma kupitia ardhi. Ukimwondolea mtazamaji ardhi, umemwondolea nusu ya mazungumzo hayo. Vivyo hivyo densi ya kisasa: miaka ya 1990, mtunzi wa densi Opiyo Okach na wenzake walipoanzisha kundi la Gàara jijini Nairobi, mwili wa Mwafrika ulikuwa ukitafuta lugha mpya, lakini haukuacha kuwa na uzito. Kwa hiyo, ikiwa una sehemu ya kukanyaga kwa nguvu, zima taa za chini kabisa na uache zile halojeni za nyuma, kwa maana mwanga unaotoka juu hutua sakafuni, na hapo vumbi, jasho na kivuli kilichoganda chini ya mchezaji vyote vitaonekana.

Ningekuuliza swali moja kwa kila sehemu ya kazi yako: hapa mtazamaji aione sakafu au asiione? Ukishapata majibu, utakuwa umekwisha kupanga zaidi ya nusu ya taa zako bila kugusa rangi.

La pili ni macho ya wachezaji. Taa ya sentimita 30 humchoma macho anayelala sakafuni, na ile ya mita 2 humpofusha anayezunguka akitafuta mahali pa kukazia macho. Nimemwona kijana mzuri akitoka kwa mbio pembeni na kukita bega kwenye chuma, kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye mwanga mkali akaingia gizani na jicho halikupata nafasi ya kuzoea. Bandika tepu nyeupe kwenye kila mlingoti kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, weka alama katikati ya sakafu, na wachezaji wafanye mazoezi wakiwa na taa hizo siku mbili kamili kabla ya onyesho. Jioni moja haitoshi. Waruhusu watembee polepole kwenye njia zao za kutokea, mmoja mmoja, hadi miguu izoee.

Nyar_Dunga, Kisumu

Mwalimu, shikamoo, na asanteni nyote. Swali la sakafu limenikesheza usiku kucha. Nimegundua kwamba kazi yangu ina sehemu tano, na sakafu inapaswa kuonekana katika ya kwanza na ya mwisho tu, wanapoondoka na wanaporudi.

Nina maswali mawili ya ziada. Nilikuwa nimeandika mabadiliko 64 ya taa, mengi yakifuata mapigo ya ngoma. Je, ni mengi mno? Pia katika jaribio letu taa mbili za mwisho kwenye kebo zilikuwa zikipepesa zenyewe, na swichi kuu ya ukumbi iliruka mara mbili tulipowasha halojeni zote pamoja. Na kuna nyavu halisi za nailoni zitakazotandazwa upande wa kulia, karibu na mlingoti wa nyuma. Sijui zitauathiri vipi mwanga.

Fundi_Bondeni, Nakuru

Mwalimu amenisahihisha ipasavyo, nami nimejifunza. Swali lake la sakafu nitalitumia katika kazi zangu.

Nianze na stima, kwa sababu hiyo inaweza kuua mtu. Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni wati 3120. Halojeni nne zikiwa wazi kabisa ni wati 4000, karibu ampea 17, kwa hiyo dima yako haiwezi kulishwa na plagi moja ya kawaida ikiwa zote zitawaka kwa ukamilifu. Una njia mbili: fundi wa umeme mwenye leseni aivutie dima laini yake kutoka kwenye bodi ya ukumbi, au upange kazi yako ili za nyuma na za mbele zisiwake kwa nguvu kwa wakati mmoja. LED nane ni wati 1440, ampea 6, na zinaweza kukaa kwenye soketi nyingine. Uliza mapema ni soketi zipi ziko kwenye laini tofauti, kwa kuwa mbili zilizo ukuta mmoja mara nyingi hushiriki laini moja. LED usiziunganishe kamwe kwenye dima. Na ekstensheni iliyozungushwa kwenye gurudumu lake ifunguliwe yote kabla ya kubeba mzigo, la sivyo itapata joto hadi plastiki iyeyuke.

Nyavu za nailoni na halojeni havikai pamoja. Taa hiyo inapata joto kali, na nailoni huyeyuka ikimdondokea mtu. Mlingoti wa nyuma kulia una LED peke yake katika mpango wetu, basi ubaki hivyo, na halojeni ya nyuma ya upande huo isogezwe katikati. Nyavu zenyewe ni zawadi kwako. Mchezaji densi Mmarekani Loie Fuller, aliyeivutia Paris kuanzia mwaka 1892, alikuwa akipeperusha mita nyingi za hariri na kuziacha zishike mwanga wa umeme wa rangi, hadi watu wakaona moto na vipepeo mahali palipokuwa na mwanamke na kitambaa. Wavu mweupe ukipigwa na taa ya chini kutoka pembeni utawaka nyuzi kwa nyuzi, ilhali ukipigwa kutoka mbele utatoweka. Mwambie mchezaji aunyanyue hadi usawa wa kifua kabla ya kuurusha.

Taa kupepesa: zile zinazoendeshwa kwa DMX, yaani ishara ya dijitali itokayo kwenye meza ya taa, zinapenda kebo zao wenyewe, na kebo ya maikrofoni, hata ikiingia vizuri, si ile ile. Kisha chukua plagi tupu ya DMX, si ya umeme, uunganishe ndani yake rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3, na uichomeke kwenye tundu la kutolea la taa ya mwisho. Bila hiyo ishara hugonga mwisho wa kebo na kurudi nyuma ikivuruga taa za karibu. Hakikisha pia kwamba anwani, yaani namba ya chaneli ambayo kila taa inaanzia, hazigongani. Ikiwa kila taa yako inatumia chaneli 8, ya kwanza ianze na 1, ya pili 9, ya tatu 17, na kuendelea; zote nane zitachukua chaneli 64 kati ya 512 za DMX.

Kuhusu mabadiliko 64, ninayaogopa, ila si kwa sababu ya idadi. Taa inayofuata kila pigo la ngoma humwambia mtazamaji kile ambacho sikio limeshamwambia, halafu jicho linachoka na kuacha kuutazama mwili. Acha badiliko lifuate pumzi ya mchezaji au nia yake. Baadhi yawe marefu mno kiasi kwamba hakuna atakayeyatambua: alfajiri yako, kwa mfano, inaweza kuchukua dakika 6, halojeni za nyuma zikipanda kutoka kaa la moto hadi dhahabu wakati za chini zikizimika. Angalizo moja: LED za bei nafuu hazishuki vizuri karibu na sifuri, huruka kwa hatua. Zikifika chini kabisa, zizime wakati jicho la mtazamaji limevutwa mahali pengine.

Nyar_Dunga, Kisumu

Nimerudi. Milingoti haijakamilika, lakini jana saa mbili usiku tulichukua taa moja tu ya LED, tukaifunga kwenye ubao sakafuni upande wa kushoto, mita 3 kutoka ukingo, nyeupe na nyekundu kidogo, na tukaelekeza mwanga wake sambamba na sakafu. Tulikuwa tumetundika leso nyeusi mbili tatu ukutani, kwani kitambaa hakijanunuliwa.

Nilimwomba yule mchezaji wa kujikunja aanze. Kwa mara ya kwanza niliiona ile kazi kutoka kiti cha mtazamaji. Kila pingili ya mgongo ilipata mng'ao wake kwa zamu, kisha ukahamia ya chini yake, na ulipofika kiunoni wenzake waliokuwa wamekaa pembeni waliacha kuzungumza. Mwenzake aliingia na wavu kutoka upande wa pili, na nyuzi zikawaka kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Sakafu haikuwapo.

Mabadiliko ya taa yamebaki 19. Halojeni za mbele nimezitoa katika sehemu tatu za katikati, kwa kuwa nyuso za wavuvi majini hazihitaji kuonekana zaidi ya karabai inavyoziruhusu. Mwalimu, sehemu ya mwisho wanarudi ufuoni wakikanyaga, na nimewapa sakafu yote. Fundi wa umeme anakuja Jumatano kuangalia bodi ya ukumbi, nami nitamwonyesha zile hesabu za ampea kabla hajafungua kifuniko.